Makusu Yameanza Kudondoka

Nawasalimu mlio Mafinga na Ifunda, mlio Kilolo na Kalenga, mlio Mbarali, Chunya na Mbeya mjini. Nakusalimu na wewe uliye ndani ya basi, umeshapita Makambako, dereva kaipandisha redio sauti. Kwa ndugu zangu wa Iringa, kamwene. Kwa ndugu zangu wa Tukuyu, ugonile.

Leo sikuja na karatasi peke yake. Nimekuja na mfuko wa kaki, na ndani ya mfuko mna matunda niliyonunua asubuhi kwa mama mmoja pale stendi, fungu moja. Ngoja nitoe moja niliweke hapa mezani. Ni la mviringo, ukubwa wake kama ndimu ndogo. Ganda lake lina rangi ya bati lililoanza kushika kutu. Nikilibana hivi, kwa kidole gumba na cha shahada, ganda linapasuka. Mmesikia? Ndani mna rojo la manjano, zito, linanukia kama peasi lililoiva sana. Na ndani ya rojo mna mbegu nne nyeupe, zimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja.

Umeshalijua? Mtu wa Iringa amelijua tangu niliposema rangi ya kutu. Ni kusu. Makusu, wasikilizaji, makusu yameanza kudondoka! Ndugu zetu wa Songea wanayaita masuku, na ukivuka mpaka kuingia Malawi au Zambia utayakuta kwa jina hilohilo la masuku. Zimbabwe wanasema mazhanje. Mti wenyewe sisi tunauita mkusu, na leo nataka tuuzungumze mti huu kwa kirefu, maana naona tunaupoteza huku tunautazama.

Neno langu la leo ni fupi, nalo nitalirudia ili hata aliyechelewa kuwasha redio alipate. Mkusu hauombi kupandwa. Unaomba kuachwa.

Najua utaniuliza, mbona leo usizungumzie parachichi? Nyanda za Juu Kusini nzima inazungumza parachichi. Rungwe ni parachichi, Njombe ni parachichi, Mufindi ni parachichi. Ni kweli, na sina ugomvi na parachichi hata kidogo. Nimeona watu wakijenga nyumba na kusomesha watoto kwa miti mia moja ya aina ya Hass. Lakini fikiri kidogo. Mparachichi unaununua mche. Unaupa samadi, unaupa maji kiangazi, unaupigia dawa, unaulinda, unamtafuta mnunuzi, unagombana naye bei. Mkusu je? Mkusu ulikuwapo kabla hujazaliwa. Haukupewa samadi na mtu yeyote. Haukumwagiliwa. Umesimama kwenye changarawe ambayo hata mihogo inasita, na kila mwaka, mvua za kwanza zikigusa ardhi, unakumwagia matunda chini. Bure.

Sasa niwapeleke shambani kwa bibi yangu, mama yake mama.

Bibi alikuwa na shamba la mahindi upande wa Mufindi, si kule juu kwenye chai na baridi kali, bali kule chini, kwenye mteremko wa changarawe nyekundu. Katikati ya shamba ilisimama mikusu miwili. Jembe la ng'ombe likifika pale lilizunguka. Sisi wajukuu tuliona ni usumbufu mtupu, mbona miti hii haikatwi tukapata mistari iliyonyooka? Bibi hakujibu. Alingoja Novemba ifike.

Novemba, wasikilizaji, mnaijua. Ghala limebaki na mahindi ya kuhesabu kwa debe. Mbegu zimeshaingia ardhini, mavuno mapya mpaka Mei au Juni. Watu wanalima na njaa tumboni. Na ndipo hapo makusu yanapoanguka. Asubuhi tulikuta chini ya ule mti kama mtu kamwaga kikapu. Tulikula kabla ya kushika jembe, tukala saa nne, tukabeba mengine nyumbani tumeyafunga kwenye nguo.

Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kurusha jiwe, hakuna kupiga fimbo, hakuna kuupanda mti na kuutikisa. "Lililoiva litakuja lenyewe," alisema, "mti unajua siku zake." Mtoto aliyeonekana ameokota jiwe alirudishwa nyumbani kuchota maji. Nilidhani ni ukali wa uzee. Baadaye nilijua ni elimu. Kusu lililopigwa likaanguka bichi lina ukakasi, linakaza mdomo. Yapo yaliyokaribia kuiva, hayo ukiyavundika kwenye majani makavu ndani ya nyumba yatalainika. Lakini utamu hautakuwa ule wa lililodondoka lenyewe. Na fimbo haichagui: inaangusha bichi pamoja na bivu, na inavunja matawi ambayo yangezaa mwakani. Ndiyo maana narudia maneno ya bibi. Lililoiva litakuja lenyewe.

Basi, kati ya ile mikusu miwili, mmoja ulizaa kila mwaka. Wa pili haukuzaa hata kusu moja. Miaka yote. Ulichanua vizuri, ukapata majani mazuri, kivuli kizuri, tunda hakuna. Majirani waliuita tasa. Mwaka mmoja mjomba wangu akasema mti huu unakula shamba bure. Akaupiga shoka. Akapata magunia mawili ya mkaa, akayauza barabarani, na sisi tukafurahi kwa sababu mistari ya mahindi sasa ilinyooka upande mmoja. Wakati huo pori la jirani nalo lilikuwa limeshafyekwa, wamepanda misonobari.

Msimu uliofuata ule mkusu uliobaki ulizaa viganja vichache. Msimu wa pili yake, karibu hakuna kitu. Bibi alikaa chini ya mti akautazama, mjomba akiwa pembeni. Hakupaza sauti. Alisema, "Mmemuua mume wake."

Sisi tulicheka. Tulidhani ni hadithi. Haikuwa hadithi, wasikilizaji, ilikuwa biolojia. Mnaujua mpapai. Kila aliyepanda mapapai anajua kuna mpapai dume na mpapai jike, na dume halizai. Mkusu ndivyo ulivyo. Mti mmoja una maua ya kiume matupu, mti mwingine una maua ya kike matupu. Nyuki na wadudu wengine ndio wanaobeba chavua kutoka kwa dume kupeleka kwa jike. Asipokuwapo dume karibu, jike atachanua, atangoja, na ataambulia patupu. Ule mti ulioitwa tasa haukuwa tasa. Ulikuwa ndio baba wa makusu yote tuliyokula.

Utawatambuaje? Swali zuri, na jibu lake halihitaji mtaalamu. Maua yanatoka wakati wa mvua, kati ya Januari na Machi hivi. Nenda katazame kwa karibu. Kwenye mti dume, maua yamejikusanya kwa wingi, yamesongamana kama vidonge vya manjano ya kijani. Kwenye mti jike, ua linakaa peke yake, na katikati yake utaona kitu kidogo cha kijani cha duara, hicho ndicho kusu lijalo. Na ukienda wakati usio wa maua, inama utazame chini ya mti. Mbegu za zamani zimelala kwenye majani? Jike huyo. Hakuna mbegu hata moja? Yamkini ni dume, na dume hilo lina kazi. Usiliite tasa.

Kwa hiyo mtu anaponiambia, mimi nimeacha mikusu mitano shambani, namuuliza: na dume umeacha? Si lazima yawe mengi. Dume moja kwa majike kadhaa linatosha kazi, maadamu nyuki wapo. Lakini liwepo.

Nisogee mbele kidogo. Nilisema kusu linaanguka Novemba, na maua yanatoka Januari hadi Machi. Umepiga hesabu? Tunda linakaa mtini miezi minane hadi kumi. Linaning'inia pale mvua zikiisha, linaning'inia kwenye baridi ya Juni na Julai, ile inayotufanya tuvae sweta mbili, linaning'inia kwenye vumbi la Septemba. Mti umesimama kwenye ukavu wote huo na mzigo wa matunda mabichi mikononi. Majani yake ni makubwa, mazito kama ngozi, yamejipanga kwenye ncha za matawi. Watoto tuliyakunja tukanywea maji. Na ndiyo maana nakuambia, ukikata mkusu Agosti kwa sababu huoni tunda la kula, umekata chakula cha Desemba kikiwa njiani.

Sasa, mti huu unapata wapi nguvu kwenye changarawe ile? Hapa ndipo panaponivutia mimi kuliko kwingine. Ukichimba taratibu ukafika kwenye vimizizi vyembamba vya mkusu, ncha zake zimevikwa kuvu, utando laini kama soksi. Kuvu hao wanaishi kwenye mizizi. Mti unawapa sukari iliyotengenezwa na majani. Wao wanatambaa mbali kwenye udongo, kule mizizi isikofika, wanaleta maji na fosforasi. Mkataba wa siku nyingi. Na kuvu hao, mvua zikikolea, wengine hutoa watoto wao juu ya ardhi, na watoto hao unawajua, umewanunua. Ni uyoga. Wale akinamama wanaosimama kando ya barabara na ndoo na sahani za uyoga wa porini wakati wa mvua, uyoga wao mwingi unatoka chini ya miti ya miombo, na mkusu ni mmoja wa miti hiyo. Huwezi kuukata mti ukabaki na uyoga wake. Vimeshikana mizizi kwa maana halisi ya neno.

Hilo linajibu pia swali la watu waliowahi kujaribu kuupanda. Umeung'oa mche wa mkusu porini, ukaupanda uani kwako kwenye udongo mzuri wenye samadi, ukaumwagilia asubuhi na jioni, ukafa. Umesema, mkusu hauoteki. Unaoteka. Ila umeutenga na wenzake, ukauzamisha kwenye maji. Mkusu haupendi miguu iliyolowa. Unapenda udongo usiotuamisha maji, wenye kokoto, na unataka kiganja cha udongo kutoka chini ya mama yake. Nitalirudia hili mwishoni, maana ndilo la kuandika kwenye daftari.

Niseme kidogo juu ya jina la kitaalamu, halafu niliache. Vitabuni mti huu unaitwa Uapaca kirkiana. Hilo neno la pili ni John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone kwenye bonde la Zambezi kuanzia mwaka 1858. Ni huyohuyo Kirk aliyekuja kuwa balozi wa Waingereza Unguja na kumbana Sultan Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Jina hilo la kitabuni lilianza mwaka 1864. Mababu zetu walikuwa wameshakula makusu vizazi visivyohesabika, hawakusubiri kuambiwa linaitwaje.

Tuingie jikoni.

Watu wengi wanajua njia moja tu ya kula kusu: unabana, unafyonza, unatema mbegu. Ni njia nzuri, nami nimeitumia hapa studio kabla hatujaingia hewani. Lakini kusu lina tatizo moja, na mama niliyenunua kwake asubuhi alilisema vizuri kuliko mimi. "Baba, leo fungu hili shilingi kadhaa, kesho nusu, keshokutwa nakula mwenyewe." Kusu likishaiva halikai. Siku chache tu, rojo linachacha. Ndiyo sababu halifiki Dar es Salaam likiwa na heshima yake. Basi tulipe maisha marefu zaidi. Chukua kalamu.

Pata kisado kimoja cha makusu yaliyodondoka yenyewe, yasiyo na tundu la mdudu. Yaoshe yakiwa na maganda, maana yalikuwa chini. Yabane moja moja, ganda litupe, rojo pamoja na mbegu liingie kwenye sufuria. Mimina maji ya uvuguvugu yafunike tu, usizidishe. Sasa chukua mwiko uvuruge. Vuruga kwa subira, unasugua mbegu kwenye ukingo wa sufuria, mpaka zibaki nyeupe, uchi, rojo lote limeachia. Usiweke kwenye blenda na mbegu zake, utakunywa vipande. Chuja kwenye chujio la matundu makubwa. Ulichopata ni maji mazito ya rangi ya asali. Kamulia ndimu moja. Onja kabla hujagusa sukari! Onja kwanza, nakusihi, maana mara nyingi haihitaji. Chemsha kidogo, acha ipoe, hiyo ndiyo juisi.

Una mtoto mdogo au mzee asiyependa kula? Chukua lile rojo lililochujwa likiwa bado zito. Pika uji wako wa ulezi au wa mahindi kama kawaida. Ukishauteremsha motoni, changanya rojo, koroga. Uji unapata utamu na harufu bila kijiko cha sukari, na kwa kuwa rojo halikupikwa, unaokoa sehemu ya vitamini C iliyomo. Zambia na Malawi nako wanachanganya masuku na uji. Mwezi wa Desemba, sukari ikiwa ghali na mahindi yakiwa machache, huo si uji wa kubeza.

Na jamu? Jamu ndiyo itakayokaa zaidi. Vikombe viwili vya rojo zito, kikombe kimoja cha sukari, maji ya ndimu mbili. Weka kwenye moto wa wastani, koroga bila kuondoka, maana inarukaruka na inachoma mkono. Utajuaje imeiva? Weka sahani kwenye maji baridi. Dondoshea tone la jamu juu yake, inamisha sahani. Tone likikimbia, bado. Tone likikaa na kukunja uso ukiligusa, teremsha. Mimina ya moto kwenye chupa za kioo ulizozichemsha, funga. Nilijaribu hivyo Jumapili iliyopita, nimepaka kwenye chapati. Watoto wa jirani wameshajua njia ya kuja.

Mvinyo pia unatengenezwa. Malawi na Zambia wanao mvinyo wa masuku. Siingii huko leo. Lakini haya ya juisi, jamu na mvinyo si ndoto zangu. Miaka ya tisini watafiti wa kilimo mseto wa shirika la ICRAF walipita katika nchi za miombo, Malawi, Zambia, Zimbabwe na kwetu Tanzania, wakiwauliza wakulima: katika matunda yote ya porini, ni lipi mngependa liboreshwe? Mkusu ulikuwa miongoni mwa miti ya kwanza kutajwa. Kule Tabora, kwenye kituo cha Tumbi, kazi hiyo ilifika mpaka kwa vikundi vya akinamama waliofundishwa kusindika matunda ya porini. Kama Tabora wameweza, Ifunda inashindwaje? Chunya inashindwaje?

Lakini huwezi kusindika tunda la mti uliogeuka mkaa. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Simtukani mchoma mkaa. Ana watoto, ana ada ya kulipa, na mjini tunaounguza mkaa huo ni sisi. Wala simtukani mkulima wa tumbaku wa Chunya anayetafuta kuni za mabani ya kukaushia. Tumbaku mbichi hainunuliwi. Ila natazama namna tunavyofyeka. Mtu anafungua shamba jipya, anaanza upande huu anaishia upande ule, hakuna kuuliza mti gani ni mti gani. Myombo, mninga, mkusu, msaula, wote chini. Wazee hawakufyeka hivyo. Mashamba ya zamani utayajua kwa miti ya matunda iliyoachwa katikati, na jembe linazunguka. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo mwishoni mwa miaka hiyo kumi. Naliombea lifanikiwe. Lakini mkusu unaokatwa leo asubuhi hauwezi kusubiri 2034.

Kwa hiyo nasema tena: mkusu hauombi kupandwa, unaomba kuachwa. Kabla hujashika shoka, zunguka shamba lako. Tafuta majike, yaache. Tafuta dume, liache. Kivuli cha mikusu miwili mitatu hakitakuangusha kwa mahindi. Na kama umeshaukata, usikate tamaa, kisiki cha mkusu kinachipua. Chagua machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine punguza. Fyeka nyasi kuzunguka kisiki kabla ya Agosti, ili moto wa kiangazi ukija upite pembeni. Mkusu mkubwa una gome nene, unavumilia moto kidogo. Ule mchanga haustahimili, unateketea kabla haujafika magotini.

Na anayetaka kupanda? Yupo, najua. Huyo nampa haya ya mwisho, na kalamu yako iwe karibu.

Mbegu ya kusu si kama mbegu ya maharage. Ukiikausha na kuihifadhi kwenye chupa mpaka mwakani, umehifadhi maiti. Inataka kuingia ardhini ikiwa mbichi, ndani ya siku chache baada ya tunda kuliwa. Osha rojo lote litoke. Ganda la mbegu ni gumu; likwaruze au likate kidogo pembeni kwa uangalifu, maji yapate kuingia. Jaza viriba, na katika udongo wako changanya udongo uliochotwa chini ya mkusu mkubwa, ili wale kuvu wahamie pamoja na mtoto. Maji kidogo, yasituame. Mwaka wa kwanza utadhani mche umedumaa. Haujadumaa, unashughulika na mizizi. Mkusu wa mbegu utakusubirisha miaka minane, kumi au zaidi kabla haujazaa, na nusu ya miche yako huenda ikawa madume. Kwa hiyo ukimpata fundi wa kubebesha, achukue vikonyo kutoka kwa jike unalolijua, lile ambalo kijiji kizima kinakubali ni tamu. Mche wa kubebesha unaweza kuanza kuzaa ndani ya miaka mitatu minne, na unajua mapema kwamba ni jike. Ila usisahau kubebesha na dume moja.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Hapa mezani nimebaki na mbegu nne za lile kusu la kwanza nililolipasua mkisikia. Nazifunga kwenye karatasi, Jumamosi zinaingia kwenye viriba. Na wewe unayekula makusu jioni hii, huko Ifunda, huko Kilolo, huko ndani ya basi, mbegu usizitemee jalalani wala dirishani. Zitie mfukoni, na kabla wiki hii haijaisha ziwe zimeingia kwenye udongo. Usiku mwema.